Valvu ya ekzosi ya dizeli ya boti imeliwa: niisage nyumbani au hedi iende Mombasa?

#1 MwanaMkanda
Salaam wakuu. Niko Lamu, Langoni. Mashua yangu ina dizeli ya ndani, silinda mbili, inapozwa kwa maji ya bahari. Tangu kusi ianze imekuwa nzito kuwaka asubuhi, ikiwaka inatoa moshi mweupe mpaka ipate joto, na nguvu imepungua. Nikipita mfereji wa Mkanda maji yakinipinga, nakaa na mkoko mmoja ubavuni hadi nachoka kuutazama.

Nimefungua hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda. Silinda ya kwanza valvu zote mbili zina pete ya kijivu safi kuzunguka uso. Silinda ya pili, ya kuingiza hewa si mbaya. Ya ekzosi, ya kutolea moshi, ndiyo msiba: vishimo vyeusi usoni, na upande mmoja ile pete ya kijivu imekatika, upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Siti yake, pale valvu inapokaa ikijifunga, nayo ina madoa.

Fundi wa kwanza ananiambia hedi iende Mombasa ikakatwe siti. Wa pili anasema hiyo ni kazi ya pesti ya chembechembe za kusagia na mikono, nyumbani. Nani hapa amesaga mwenyewe ikashika? Na nini kinakula valvu ya silinda moja na kuiacha jirani yake?

#2 TukTuk_Maweni
Saga bwana. Hapa Malindi tunasaga za tuktuk chini ya mwarobaini na watalii wanafika Watamu salama. Nunua lile kopo la pande mbili, huku pesti ya chembe nene, huku laini. Nauli ya Mombasa weka kwenye mafuta.

#3 FundiSpana
Mbona watu wanakimbilia pesti. @MwanaMkanda, kabla ya kufungua ulipima kompresheni, mgandamizo wa hewa ndani ya silinda? Dizeli ndogo nyingi zikiwa nzima hutoa bar 25 hadi 30 hivi. Silinda ikipungua, unatia oili kijiko kimoja tu kwenye tundu la nozo (kinyunyizio cha dizeli) na kupima tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi. Kijiko kimoja nasema, kwa sababu juu ya pistoni ya dizeli nafasi ni finyu: ukimwaga oili nyingi utapata kipimo cha uongo, na ukizidisha kabisa utapinda konrodi, ule mkono wa pistoni.

Unaweza kusaga valvu hadi zing'ae kumbe ringi ndizo zinapumua.

#4 Ami_wa_Faza
Mwanangu, waitazama valvu na adui yuko ndani ya bomba. Mashini ya namna hiyo humwaga mai yake kwenye kiwiko cha ekzosi, yakachanganyika na moshi yakatoka nje. Sasa boti limelala, kiwiko kiko tini ya mstari wa mai wa nje, na lile bomba la juu la kuvunja mvuto halipo au limeziba chumvi. Mai hujivuta yenyewe kupitia pampu, yakajaza silensa, yakapanda hadi kwenye valvu. Silinda iliyozimika na valvu yake ya ekzosi i wazi ndiyo inywayo. Ndiyo maana ni moja, si zote.

Na wasema yawaka kwa shida. Kila ukizungusha stata isiwake, pampu yasukuma mai na hakuna moshi wa kuyatoa. Funga koki ya mai ukizungusha sana, ifungue mara iwakapo. Vijana wa siku hizi hawaigusi koki hiyo mpaka boti lizame.

#5 Yamaha_40
Ndiyo maana mimi niko na autibodi ya tu-stroki. Valvu zangu hazijawahi kuungua 😂

#6 FundiSpana
@Yamaha_40 hazijawahi kuungua kwa sababu huna. Tu-stroki yako inapitisha hewa na moshi kwenye matundu ya ukuta wa silinda, na huko kwenye kabureta kuna vile vibapa vya chuma chembamba. Siku vikipasuka utafungua uzi wako.

#7 Yamaha_40
Na petroli inayoninywea je? Hilo hamsemi. Endeleeni.

#8 KijanaBarani
Mimi najua sababu. Tangu risasi itolewe kwenye mafuta valvu zinakufa ovyo. Mzee wangu alikuwa na Land Rover ya zamani, haikuguswa hedi miaka na miaka. Mafuta yalipobadilishwa, siti zikaliwa.

#9 Binti_Karakana
@KijanaBarani umepata nusu. Kwenye petroli, risasi iliacha utando juu ya siti uliozuia chuma kugusana na chuma kikavu. Hedi za zamani za chuma cha kuyeyusha, siti zikiwa zimechongwa humo humo, ziliutegemea utando huo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia Januari 2006, na magari ya aina hiyo yakaanza kuzamisha valvu za ekzosi. Land Rover ya mzee inaingia hapo sawasawa, dawa yake ni kuvalishwa siti ngumu za kupachika. Lakini mashua ya mwenye uzi ni dizeli. Dizeli haikuwahi kutiwa risasi hiyo.

Nafanya kazi kwenye karakana ya kukereza Mombasa, kwa hiyo mtaniambia navutia upande wangu. Valvu yenye pete iliyokatika haisagwi. Inatupwa.

#10 KijanaBarani
Asante dada. Mzee hata hivyo atasema ni mafuta tu.

#11 TukTuk_Maweni
Mombasa wameshafika, sasa kila kitu kitatupwa 😅

#12 FundiSpana
Haya, nieleze ninavyofanya, halafu Binti_Karakana anipige.

Kila valvu itiwe alama, irudi kwenye siti yake. Valvu ya silinda ya kwanza haiendi ya pili hata zikilingana kwa macho. Springi ikandamizwe kwa klempu yake. Usigonge kwa nyundo na soketi kama wafanyavyo wengine, kwa maana vile vipande viwili vinavyoshika shina vinaruka na kuvitafuta kwenye mchanga wa Lamu ni ibada. Kama huna klempu, kipande cha bomba la chuma ukakikata dirisha ubavuni pamoja na klempu ya umbo la G kinatosha.

Toa kaboni kwa brashi ya waya. Ibiringishe valvu juu ya kioo, kichwa kikining'inia nje ya ukingo: kikichezacheza imepinda. Tazama ukingo wa kichwa, ile sehemu iliyosimama nje ya uso wa mteremko. Ukiwa mwembamba unakaribia nusu milimita, valvu hiyo itashika joto na kuungua, hata uisage namna gani. Halafu iingize kwenye gaidi (kile kibomba ndani ya hedi kinachoongoza shina), iinue kidogo, itikise. Ikicheza sana kwenye gaidi acha kusaga kwanza, maana itatua mahali tofauti kila mara na kazi yako yote itakuwa bure.

Ukishapita hapo: oili kidogo kwenye shina, pesti nukta tatu nne usoni, si kupaka kama siagi. Kifimbo chenye kikombe cha mpira, unapekecha kwa viganja, nusu mzunguko huku nusu kule, na kila baada ya muda unaiinua na kuizungusha robo kabla ya kuendelea. Mwanzo utasikia inakwaruza. Chembe zikishasagika sauti inalainika, hapo futa utazame. Unataka pete ya kijivu isiyong'aa, haijakatika popote, upana milimita 1 hadi 1.5 hivi, ya ekzosi ikizidi kidogo si vibaya kwa kuwa joto la kichwa cha valvu sehemu kubwa hutoka kupitia siti. Pesti nene utumie pale tu penye vishimo, na usikae nayo. Malizia kwa laini.

Kusafisha ndiko wengi huharibu. Mafuta ya taa, halafu sabuni na maji ya moto, brashi ndani ya gaidi, puliza, paka oili papo hapo. Pesti ikibaki kwenye gaidi itaendelea kusaga injini yako bila ya wewe kuwepo.

#13 Drili_Mwaminifu
Viganja vya nini karne hii. Mpira wa petroli kwenye ncha ya shina, upande wa pili kwenye drili ya betri, mwendo wa chini, vuta kidogo, achia, vuta. Valvu zote za Probox kabla ya adhuhuri na chai umekunywa.

#14 FundiSpana
Drili inazunguka upande mmoja. Chembe moja kubwa ikikwama inachora mviringo kamili kwenye siti, na mviringo huo haufutiki.

#15 Drili_Mwaminifu
Drili yangu ina swichi ya kurudi nyuma, mzee.

#16 FundiSpana
Na kidole chako kinaibadilisha kila nusu mzunguko? Hongera.

#17 Binti_Karakana
Mtagombana kuhusu drili na hapo si penye tatizo. Wengi hawajui kuwa viwanda vingi huchonga uso wa valvu na siti kwa tofauti ya digrii moja hivi, mathalani valvu 45 na siti 46 au valvu 44 na siti 45. Zinagusana kwa ukingo mwembamba, zinakata kaboni, zinakaa zenyewe injini ikifanya kazi. Ukisaga kwa pesti mpaka upate ile pete pana anayoisifu FundiSpana, umeifuta tofauti hiyo. Siti iliyokatwa vizuri kwa kikata cha pembe tatu, 30 juu, 45 katikati, 60 ndani, haihitaji pesti ila ya kukagulia tu.

Tena kuna valvu za kisasa zilizopakwa utando usoni. Hizo ukitia pesti umeondoa kinga. Na za titani za pikipiki za mashindano, usithubutu.

#18 FundiSpana
Nakubali kwa valvu zenye utando. Kwa dizeli ya boti ya miaka hiyo, kitabu chake chenyewe kina ukurasa wa kusaga kwa pesti. Aliyeiunda hakuiogopa. Na kikata cha mkono cha pembe tatu kinapatikana, kinakaa kwenye fimbo inayoingia ndani ya gaidi, si lazima basi la Mombasa.

#19 Binti_Karakana
Kama gaidi imechoka, fimbo hiyo itakaa upande na siti utaikata upande. Mwenye uzi, pima gaidi.

#20 MwanaMkanda
Shukrani nyote. Nimetikisa: valvu ya ekzosi ya silinda ya pili inacheza kuliko ya kwanza, si sana, lakini mkono unaijua. Shina lenyewe nimelipima kwa mikromita ya rafiki, limelika kidogo upande wa juu. Juu ya kioo valvu haikuyumba.

@Ami_wa_Faza, ukuta wa silinda ya pili una mstari hafifu wa kahawia kuzunguka, karibu na juu. Je, hiyo ni kutu ya maji?

#21 Ami_wa_Faza
Ndiyo hiyo. Mai yalisimama, ringi zikaacha alama. Kesi imekwisha.

#22 FundiSpana
Haijaisha. Mstari karibu na juu ndipo ringi ya kwanza inapogeukia. Kila injini iliyofanya kazi inao. Paka oili usugue kwa kitambaa: ukitoka ni uchafu wa mafuta yaliyoungua, ukibaki na vishimo ni kutu.

#23 MvuviNgomeni
Mnabishana na hamjamuuliza anavyoendesha. @MwanaMkanda wewe huvuta mishipi? Mimi nilikuwa na mashini kama hiyo, kutwa nzima mwendo wa polepole, injini haipati joto la kazi, mafuta hayaungui yote. Kaboni inajijenga kwenye shina na chini ya kichwa, kipande kikibanduka kinabanwa kati ya valvu na siti. Moto unapita hapo kwa hapo, na mahali unapopita ndipo panapoliwa. Ile pete iliyokatika upande mmoja ndiyo sura yake. Maji yangeweka madoa kote.

#24 MwanaMkanda
Navuta mishipi, ndiyo, na abiria wa Shela jioni. Mara nyingi polepole.

#25 MvuviNgomeni
Basi. Kila siku ukirudi, ipe mzigo kamili kidogo kabla ya kufunga. Na ile nozo ya silinda ya pili ipelekwe kwenye kipimo, ikiwa inadondosha badala ya kunyunyiza itakuletea kaboni upande huo huo hata ukivalisha valvu mpya.

#26 Ami_wa_Faza
Nozo, kaboni, mishipi. Na kiwiko? Kifungue kiwiko cha ekzosi, uchungulie ndani. Chumvi na masizi hukiziba hata kidole hakipiti, moshi ukakosa ndia, joto likabaki kwenye valvu. Nimekifungua kimoja yana, tundu lililobaki ni la penseli.

#27 TukTuk_Maweni
Ami leo kashika bomba hataki kuliachia.

#28 Ami_wa_Faza
Nimekula chumvi nyingi na kuitoa kwenye bomba nyingi zaidi.

#29 Probox_Gede
Hakuna aliyetaja tapeti, ule mwanya kati ya valvu na roka (mkono unaoisukuma). Siti inapolika valvu inapanda kuelekea roka, mwanya unapungua. Ukifika sifuri valvu haifungi kikamilifu na ya ekzosi inaungua ndani ya muda mfupi. Mwenye uzi, mwanya wa silinda ya pili ulikuwaje kabla ya kufungua?

Na hili liwafikie wote wanaosaga: baada ya kusaga mwanya unapungua tena. Kwenye boti la roka unarekebisha kwa skrubu, raha. Kwenye injini ya 1NZ ya Probox hakuna skrubu wala vishimu (vibati vya kuongeza unene), vikombe vyenyewe vinavyokaa juu ya valvu huuzwa kwa unene tofauti, na mwanya injini ikiwa baridi ni milimita 0.15 hadi 0.25 kwa hewa, 0.25 hadi 0.35 kwa ekzosi. @Drili_Mwaminifu, zile za kabla ya adhuhuri ulizipima?

#30 Drili_Mwaminifu
Gari linatembea.

#31 Probox_Gede
Sikuuliza kama linatembea.

#32 MwanaMkanda
Mwanya sikuupima kabla, roka zilikuwa zimeshatoka.

#33 KijanaBarani
Swali pembeni. Nataka kuikata valvu ya zamani nitengeneze kifaa cha kusukumia gaidi. Shina lake ni nene, ilitoka kwenye injini ya turbo. Kisaga cha umeme kitaiweza?

#34 Binti_Karakana
Usiikate kabla ya kujua ni ya aina gani! Valvu za ekzosi za injini nyingi za turbo zina shina lenye tundu ndani, limetiwa sodiamu. Sodiamu huyeyuka kwenye nyuzijoto 98 hivi, inachezacheza ndani ya shina na kubeba joto kutoka kichwani. Mtindo huo ni wa injini za ndege za miaka ya 1920, aliuanzisha Samuel Heron. Sodiamu ikikutana na maji huwaka na kurusha vipande, na jasho la mkono ni maji. Mpe fundi aliyezizoea.

#35 KijanaBarani
Nimeirudisha sandukuni.

#36 Yamaha_40
Mtu alikuja na boti, sasa tumefika kwenye ndege. Tukifika mwezini mniamshe.

#37 Jirani_wa_Mkomani
@MwanaMkanda hedi ukishamaliza, usisahau kulaza rula ya chuma juu yake na kuingiza fila geji, vile vibati vya kupimia mwanya. Hedi nyingi za gari zinakubali milimita 0.05 tu ya kupinda. Mimi nina kioo kinene cha meza, nagundisha msasa juu yake na kuisugua hedi kwa kuiviringa.

#38 Binti_Karakana
Kioo cha meza ya sebuleni kina tumbo. Utahamisha tumbo la kioo kwenye hedi.

#39 Jirani_wa_Mkomani
Hiki hakina tumbo, nimekipima kwa rula ile ile.

#40 FundiSpana
Na kwenye dizeli ukisugua sana uso wa hedi, valvu zinakaribia pistoni. Kitabu kinatoa kina cha valvu chini ya uso wa hedi: kikizidi kompresheni inashuka, kikipungua zinagongana. Baada ya kusaga pia pima hicho kina. Gasketi iwe mpya, boliti zianzie katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa spana ya toki inayopima nguvu ya kukaza.

#41 Ami_wa_Faza
Ikiwa gasketi ni ya shaba tupu na haijakwaruzika, ipashe moto hadi iwe nyekundu uitose mai, yawa laini tena. Spea mpya yatoka mbali.

#42 FundiSpana
Ya shaba tupu sawa. Ile ya karatasi yenye ukingo wa shaba, hapana ami.

#43 TukTuk_Maweni
Pesti ikikosekana dukani, mchanga wa Shela na grisi 😂

#44 Jirani_wa_Mkomani
Kuna mtu atalisoma hilo na kulifanya.

#45 MwanaMkanda
Nimekaa na hedi mchana kutwa. Mstari wa kahawia nimeusugua kwa oili: nusu umetoka, nusu umebaki, kwa hiyo Ami na FundiSpana bado mnaweza kuendelea. Kiwiko cha ekzosi nimekifungua, kimebana lakini kidole kinapita. Nozo inakwenda kupimwa na mtu anayepanda basi Mokowe.

Uamuzi wangu: valvu ya ekzosi mpya na gaidi mpya kwa silinda ya pili, gaidi na siti zikafanyiwe kazi Mombasa kwa kuwa sina kikata. Zile tatu nyingine nasaga mwenyewe kwa viganja. Nimeanza na ya kuingiza hewa ya silinda ya kwanza: nimechora mistari ya penseli kuvuka siti, nikaizungusha valvu kidogo, mistari yote ikakatika. Nimetia mafuta ya taa kwenye tundu la hewa, hedi imelala, nasubiri kama itavuja.

#46 Binti_Karakana
Penseli ni kipimo kizuri. Mafuta ya taa yasichukuliwe kuwa ndiyo mwisho, kupenya kidogo baada ya muda mrefu hakumaanishi imeharibika, kudondoka papo hapo ndiyo habari.

#47 Drili_Mwaminifu
Ungetumia drili ungekuwa kwenye ya tatu.

#48 MvuviNgomeni
Na uvute mishipi kwa haraka zaidi!

#49 FundiSpana
Samaki watamfuata kwa pikipiki. @MwanaMkanda, springi uliitoa kwa kifaa gani? Klempu unayo?

#50 MwanaMkanda
Bomba lenye dirisha, kama ulivyosema. Kipande kimoja kiliruka, kiko chini ya mtungi wa maji, nimekiona ila mkono haufiki.

#51 Jirani_wa_Mkomani
Klempu yenyewe ipo kwangu, njia ya nyuma ya msikiti. Njoo uichukue, na sumaku pia. Uirudishe lakini, ya kwanza iko Kizingitini mpaka leo.

#52 Ami_wa_Faza
Iko kwangu hiyo. Bado naitumia.